Utakavyoona Mwenyewe, Mama

Kabla sijaeleza kilichotokea, yafaa niweke wazi hali ilivyokuwa, kwa sababu bila kuijua hali hiyo tukio lenyewe litaonekana dogo mno kustahili kuandikwa.

Shamba la nyumbani kwetu, katika kata ya Ruanda wilayani Mbozi, lina sehemu mbili. Sehemu ya juu inaizunguka nyumba. Ina mibuni ambayo marehemu baba aliipanda akiwa kijana, ikichanganyika na migomba ya kuipa kivuli. Sehemu ya chini inateremka hadi kwenye kijito, na huko tulikuwa tukilima mahindi na maharage. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa, wakasema shamba libaki mikononi mwa mama, na mimi, mtoto wa kwanza wa kiume, niwe mwenye kuulizwa. Nililisikia neno hilo nikiwa nimesimama karibu na mlango, nikiwa na haraka ya kurudi chuoni ninakofundisha. Nililichukua kuwa neno la adabu, mojawapo ya yale ambayo watu huyasema ili kikao kimalizike kwa amani.

Mibuni yenyewe ilikuwa imezeeka. Mbuni mzee hurefuka bila faida: matawi ya chini hufa, buni huzaliwa kileleni, na mchumaji hulazimika kulivuta tawi kwa fimbo yenye ndoano. Chulebuni, ugonjwa unaozifanya buni changa ziwe nyeusi na kudondoka, ulikuwa umeingia na kukaa. Tiba yake kila mkulima wa Mbozi anaijua. Unakata shina karibu na ardhi, unachagua machipukizi mazuri, unavumilia misimu bila mavuno, kisha mti unaanza maisha upya. Lakini mibuni iliyopandwa na mtu ambaye sasa ni marehemu haikatwi na mjane wake kwa neno lake peke yake. Hakuna sheria inayomkataza. Kinachomkataza ni midomo ya watu: watasema anafuta jasho la mumewe, watasema anajiandaa kuondoka. Nilikulia katika maneno hayo. Ningeulizwa ningeweza kuyaeleza vizuri, pengine hata kwa ufasaha.

Kila Jumapili, baada ya ibada, nilimpigia mama simu. Tulisalimiana, tukazungumzia afya, mvua, na waliozaliwa na waliokufa. Kisha, karibu kila msimu wa mavuno ulipomalizika, aliniambia, "Baba, mibuni imezeeka. Tufanyeje?" Mama huniita baba, kama akina mama wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Nami nilijibu, "Utakavyoona mwenyewe, mama." Nililitamka jibu hilo kwa upole. Niliamini kwamba ninampa kitu.

Imani hiyo haikutoka hewani. Kwa miaka mingi nimefundisha mbinu za utafiti wa sayansi za jamii, na miongoni mwa nadharia ninazozifundisha kuna moja niliyoipenda kuliko zote. Inasema kwamba kaya si kitu kimoja chenye sauti moja. Ndani yake kila mtu ana haja zake na uwezo wake wa kukubali au kukataa, na uamuzi humfuata yule mwenye mali mkononi. Kwa hiyo mwanamke anayebakiwa na ardhi, mume akiwa amekufa na wana wakiwa mbali, hupata nguvu ambayo hakuwa nayo. Niliipenda kwa sababu ilikuwa na haki ndani yake. Vitabu vya zamani viliandika juu ya wanawake wa aina ya mama yangu kana kwamba walikuwa vyombo vya nyumbani. Nadharia hii iliwapa mdomo.

Darasani nilikuwa mkali juu ya jambo hili. Niliwaambia wanafunzi kwamba nadharia si pambo la sura ya pili, la kutundikwa baada ya kazi kwisha ili watahini waridhike. Nadharia, niliwaambia, ndiyo inayokuonyesha cha kuuliza, mtu wa kumwuliza, na jibu lipi lihesabiwe kuwa ni jibu. Anayekwenda uwandani bila nadharia hurudi na gunia la maneno asilojua kulipanga. Bado ninaamini hivyo. Na kila nilipofika kwenye mfano, nilitoa wa mjane mmoja wa Mbozi, mkulima wa kahawa, ambaye mwanawe yuko mbali na ambaye huamua mambo yake yote mwenyewe. Sikusema ni nani. Wanafunzi waliandika.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuja kuwa chini ya usimamizi wangu kwa shahada ya uzamili. Alikuwa binti wa Kamsamba, kule bondeni Momba kwenye joto na mpunga, kutoka familia ya wafugaji waliohamia huko na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Alitaka kuandika juu ya wajane na kahawa katika nyanda za juu za Mbozi. Nilimpa nadharia yangu niipendayo. Aliisoma kwa bidii, kisha siku moja akaja ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Dokta, nina wasiwasi kidogo."

"Sema."

"Nadharia hii inachukulia kwamba mtu akiachiwa uamuzi amepata kitu. Kwetu, mzee akikwambia 'wewe fanya unavyotaka', usiku huo hulali. Unaamkia kwake asubuhi kuomba radhi, hata kama hujui umekosa nini."

Nilicheka, kwa wema, kama mtu anayecheka mtoto anapoliita jua taa. Nikamweleza kwamba hayo ni mapokeo, kwamba anaweza kuyagusia kwenye utangulizi, lakini nadharia haitazami mtu anavyojisikia. Inatazama ni nani hatimaye aliyeamua. "Uliza nani anaamua," nikamwambia. "Usiulize anajisikiaje. Ukianza na hisia hutatoka."

"Sawa, Dokta," akasema, na maswali akayaandika nilivyotaka.

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa.

Tulikwenda kuyajaribu maswali mwezi wa Juni, wakati wa mavuno na wa baridi. Gari la chuo lilikuwa limewaleta pia wenzetu wenye kazi zao mpakani, kwa hiyo sote tulifikia Tunduma, katika nyumba ya wageni ya Chapwa, na asubuhi mimi na mwanafunzi wangu tukaifuata barabara kuu kwa kurudi nyuma, tukiipita foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka kuingia Zambia, tukapita Vwawa, tukafika Ruanda umande ukiwa bado haujakauka. Kanuni inasema mtafiti asiwahoji jamaa zake, wala msimamizi asimpeleke mwanafunzi kwao. Nilijipatia ruhusa kwa hoja kwamba haya yalikuwa majaribio tu na majibu hayangeingia kwenye tasnifu. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba nilitaka mwanafunzi amwone mama. Nilitaka kuuonyesha mfano wangu ukiwa hai.

Mama alikuwa ametoka kidogo kwa jirani, nami nikamchukua mgeni tukazunguka shamba. Sikuwa nimefika nyumbani kwa muda mrefu. Tulipoteremka sehemu ya chini nilisimama kwa mshangao: palipokuwa na mahindi palikuwa na miche ya miparachichi, imepandwa kwa mistari iliyonyooka, kila mche umewekewa majani makavu shinani na kijiti cha kuushikilia. Ilikuwa kazi safi ya mtu anayejua anachokifanya. Mama hakuwahi kuniambia.

"Unaona?" nikamwambia mwanafunzi. "Hakuna aliyemwamuru. Ametazama soko, ametazama ardhi yake, ameamua. Unapoandika neno uamuzi kwenye sura ya pili, hiki hapa ndicho unachokisema."

Akapiga picha. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa akipanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani, naye alitusikia. Akasimama, akatutazama, akasema, "Haya, mwenye shamba ametembelea shamba lake!" Kisha akacheka hadi maji yakamwagika begani. Nikacheka naye. Nikamwambia mwanafunzi kwamba wanawake wa kwetu wana utani mwingi.

Mahojiano yalifanyikia nyuma ya jiko, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, kwa sababu jua la asubuhi huanzia pale. Mama alikwisha kurudi. Yeye na shangazi walikuwa wakipitisha mikono juu ya kahawa iliyotandazwa, wakitoa punje mbovu, na hawakuacha kazi hiyo hata tulipokuwa tukisalimiana.

"Shikamoo, mama," mwanafunzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni hamli?"

"Wanakula vitabu, wifi," alisema shangazi. "Mtazame na mwanao shingo ilivyo."

Mwanafunzi alisoma maelezo ya ridhaa, kwamba mama ana haki ya kutojibu swali lolote na ya kuacha wakati wowote. Mama alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo kanisani. Kisha mwanafunzi akanigeukia, kama nilivyomfundisha, akaniomba niwapishe.

"Anakwenda wapi?" mama akauliza.

"Ni utaratibu tu, mama. Ili uongee kwa uhuru."

"Mwanangu, si umesema unataka kuuliza mambo ya shamba? Mwenye shamba ndiye huyu. Sasa unamfukuza yeye unaniuliza mimi?"

"Mwache akae," shangazi akadakia. "Leo amepatikana. Huyu ni bwana simu. Akitoka hapo nje tu, utasikia mtandao hakuna."

Walicheka wote watatu, na mimi nikakaa kwenye kigoda, nikitabasamu, nikiamini kwamba mama ananiheshimisha mbele ya mgeni.

Mwanafunzi akaanza na swali la kwanza. "Mama, katika nyumba hii, nani anaamua mambo ya kahawa?"

"Huyu," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. Mikono yake iliendelea kuchagua.

"Hata sasa? Baba amefariki, na yeye anaishi mbali."

"Hata sasa. Ndiyo maana iko hivyo unavyoiona." Akaitazama mibuni iliyotuzunguka, mirefu, mikavu miguuni. "Haijaamuliwa."

Mwanafunzi alitazama maswali yake. Swali lililofuata nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe kwa ajili ya jibu la namna hii, kwa kuwa nadharia inatuonya kwamba wanawake mara nyingi huwapa wanaume heshima ya kauli wakati uamuzi ni wao. "Lakini wewe mwenyewe, mama, ukitaka, unaweza kuamua?"

"Naweza nini? Panga naweza kushika." Shangazi akaguna kwa kicheko. "Kukata mibuni ya mume wangu kwa neno langu, hapana. Nimemwuliza. Kila mavuno yakiisha namwuliza. Nasema, baba, mibuni imezeeka, tufanyeje? Ananiambia, utakavyoona mwenyewe, mama."

Aliyasema maneno hayo kwa sauti yangu. Kiswahili cha mama kina lafudhi ya Kinyiha, lakini maneno yale matatu aliyatoa kwa Kiswahili changu cha darasani, taratibu, yakishuka mwishoni, na kabla yake akaweka kikohozi kidogo ambacho sikuwahi kujua kwamba ninacho. Shangazi alishika ukingo wa kichanja. "Ndiye huyo! Ndiye kabisa! Hata ile ahm ya mzungumzaji wa mkutano!"

Walikuwa wamezoea kuniigiza. Niliona hilo kwa namna kicheko kilivyotoka tayari, bila kutafutwa.

Hapo mwanafunzi aliuliza swali ambalo halikuwemo. Alishusha sauti. "Ukiambiwa hivyo, mama, unaelewaje?"

Mama aliiacha kahawa. Akafuta mikono kwenye khanga. "Naelewa kwamba nimemchosha," akasema. "Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mama yake, niondolee shida zako. Atatafuta neno la adabu. Na yeye amelitafuta." Kisha akanitazama, bila hasira yoyote. "Simlaumu. Ana kazi nyingi."

Nilijaribu kusema kitu. Nilisema, nadhani, "Mama, sikumaanisha," nikaishia hapo, kwa sababu mwanafunzi alikuwa amekwisha kuuliza jambo jingine, na najua aliliuliza ili kunisaidia, ili mazungumzo yahamie mahali ambapo nilikuwa nimejisifu saa moja iliyopita.

"Na yale maparachichi kule chini, mama? Ni mazuri sana."

"Mazuri," mama akakubali. "Ni ya shemeji yangu."

Shemeji yake ni baba yangu mdogo.

"Nilimwendea mwaka jana. Mwenye kuulizwa akikataa kuulizwa, unamwendea anayefuata. Nilimwendea kwa ajili ya mibuni. Akasema, mibuni ya kaka yangu siigusi, ina mwenyewe. Lakini kule chini naona kumelala bure, nitaleta miche. Nikasema haya."

"Ulikubali?"

"Ningemkatalia kwa neno la nani?"

Shangazi hakucheka tena. Alichukua ungo akaenda kupepeta upande wa pili.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza aibu ile kwa usahihi, kwa kuwa kazi yangu ni kueleza mambo kwa usahihi. Kwanza ilikuwa aibu ya kawaida, ya mtu aliyeigizwa mbele ya mwanafunzi wake. Hiyo huwaka masikioni na kupoa. Iliyofuata ilikuwa nzito zaidi: nilimwona tena yule mtu aliyesimama kijitoni asubuhi, amenyoosha mkono juu ya miti ya mtu mwingine, akifundisha maana ya uamuzi mahali ambapo mama yake alikuwa amepoteza nusu ya shamba kwa kukosa neno lake. Lakini hata hiyo haikuwa yenyewe. Yenyewe ilikuwa kwamba, nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda, nilitambua kwamba mama alikuwa amenielewa sawasawa. Nilikuwa kweli nimechoka na suala la mibuni. Nilikuwa sitaki safari, vikao, baba mdogo, maneno ya watu. Nadharia haikunidanganya juu ya mama tu. Ilinipa jina zuri la kulifunika jambo ambalo, kama ningekuwa mtu asiyesoma, ningeliita uvivu, na pengine kwa kuliita hivyo ningeliona haya mapema.

Na bado siwezi kuisingizia nadharia. Haikuniambia nisimwulize mama swali la pili. Ilinifundisha lipi ni jibu, nami nikaridhika kuwa ninalo. Mama aliposema "tufanyeje", nilisikia adabu ya mwanamke ambaye tayari ana uamuzi wake, sikusikia swali. Kwa lugha ya kwetu lilikuwa swali, la wazi kabisa, na mtu aliyeulizwa alikuwa mimi.

Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Mama, ikatwe."

"Ipi?"

"Yote. Ikatwe yote baada ya mavuno haya."

Mama aligeuka kunitazama. "Yote? Halafu nile nini misimu yote hiyo?"

"Ameamka na panga!" Shangazi alikuwa amerudi. "Mwanzo hataki hata kuona, sasa anafyeka mpaka migomba!"

Nilikuwa nimekosea tena. Nilikuwa nimejifunza kwamba kukaa kimya hakukuwa heshima, nikarukia amri, kana kwamba katikati ya mambo hayo mawili hakuna kitu. Nadharia yangu, kwa hakika, haikuwa na kitu hapo katikati: ama unaamua wewe, ama naamua mimi, na mwenye nguvu ndiye huamua.

"Kuulizwa si hivyo, baba," mama akasema. "Baba yako alipokuwa akiulizwa na bibi yako, walikuwa wanatembea. Mstari huu, mstari ule. Yeye anasema huu ukatwe, bibi anasema huo bado una nguvu, uache. Wakifika mwisho hakuna anayejua ni nani aliyesema nini." Akasimama, akaweka khanga sawa kiunoni. "Twende."

Tukatembea. Mwanafunzi alitufuata nyuma kwa mbali kidogo, amezima simu aliyokuwa akirekodia. Sikuujua mti hata mmoja. Nilionyesha mbuni uliokuwa mkavu juu, mama akasema ule mizizi yake ni mizima. Nilisifu mwingine uliojaa majani, akanigeuzia jani moja chini, akanionyesha kutu ya rangi ya chungwa. Nikawa nauliza mimi, na yeye anajibu, na kila baada ya miti michache alisimama akasema, "Huu, unasemaje?" akasubiri, na hakusogea mpaka niseme. Ilikuwa vigumu. Nilitamani mara kadhaa kumrudishia neno. Kila nilipofungua mdomo kulirudisha niliona uso wake ukijiandaa kulipokea kama alivyolipokea miaka yote, nikafunga mdomo, nikautazama mti.

Tulirudi Tunduma jioni. Karibu na Chapwa foleni ya malori ilikuwa imeziba hata njia ya pembeni, nasi tukasimama muda mrefu, madereva wakiwa wamewasha majiko yao kando ya matairi, wengine wakiitana kwa Kibemba. Mwanafunzi akasema, akiangalia mbele:

"Dokta, mahojiano ya leo yalikuwa ya majaribio. Kwa utaratibu hayahesabiki. Naweza tu kuyaacha."

Alisema kwa ukarimu. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke.

"Utakavyoona mwenyewe," nikasema.

Dereva wetu, ambaye hakujua lolote, alipiga honi. Nilijisikia nikiwa nimelisema, na kikohozi kidogo kabla yake, na sikuthubutu kumtazama msichana yule.

"Hapana," nikasema. "Nifute hilo. Nakwambia hivi: usiyaache. Na swali uliloliongeza, la anaelewaje, uwaulize wajane wote."

"Nikiwauliza hilo, nadharia haitasimama. Na pendekezo limeshapitishwa na jopo."

"Tutarudi kwenye jopo pamoja. Swali ulilileta ofisini kwangu nami nikalicheka. Nitasema hivyo."

Alitikisa kichwa kukubali. Baada ya kitambo akasema, "Baba yangu angempenda sana mama yako," akageukia dirishani.

Tulirudi kwenye jopo. Ilinibidi nieleze, mbele ya wenzangu ambao wamenisikia kwa miaka mingi nikisifia usafi wa mbinu, kwamba mhojiwa aliyeibua tatizo alikuwa mama yangu mzazi na kwamba mimi ndiye niliyempeleka mwanafunzi huko. Mmoja wao, rafiki yangu, alisema kwa kicheko, "Kwa hiyo Dokta sasa ni data?" Nikasema ndiyo. Mwenyekiti akaagiza mahojiano yale yaondolewe kwa sababu ya undugu, jambo ambalo lilikuwa sahihi, lakini swali libaki na nadharia iandikwe upya. Mwanafunzi alirudi Mbozi peke yake akaanza tena mwanzo. Mfano wangu wa mjane wa Mbozi sikuutoa tena darasani, na wanafunzi wa mwaka uliofuata hawakujua kwamba kuna kitu kimepungua.

Baba mdogo nilimwendea mwenyewe, siku moja kabla ya Krismasi. Nilimweleza kwamba sehemu ya chini ilitolewa wakati mimi sijatoa neno, na kwamba sasa nimekuja kulitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniagizia chai, akasema, "Miche imeshashika, mwanangu. Ulikuwa wapi?" Nikanywa chai.

Mavuno ya mwaka ule yalipoisha, nusu ya mibuni ilikatwa, nikiwepo. Nusu nyingine ilisubiri machipukizi ya kwanza yaanze kuzaa. Mwanafunzi alimaliza tasnifu yake, lakini hakuhitimu pamoja na wenzake. Sehemu ya chini imebaki mikononi mwa baba mdogo, na mahindi ya chakula mama hununua.